Ngozi Niliyoipeleka Baharini

Mmeniuliza sana. Pale mashineni kila anayeleta gunia la mahindi ananiuliza, na nikianza kusema mashine inapiga kelele, mtu anaondoka na nusu ya maneno, akifika kwake nusu ya pili anaitia yake mwenyewe. Nimesikia huko Endabash wanasema nilipigana na bahari. Sikupigana na mtu. Kwa hiyo nimekaa, naandika. Darasa la pili ndilo langu, lakini nimeshika mashine ya kusaga tangu masetla wangali Oldeani, na yangu mwenyewe nimeinunua bila kuombewa na mtu. Asiyejua kusoma na asomewe.

Kisa chenyewe mnakijua. Mwanangu Paskali alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akapata kazi ya jikoni katika hoteli ndogo ya ufukweni, ng'ambo ya Kigamboni. Halafu, baada ya kuvuna ngano, Mzee Salim wa dukani akaja kwangu kwa miguu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akavua kofia. Shemeji yake alikuwa ametoka Dar. Paskali amepotea baharini na hajaonekana. Alikuwa juu ya ubao.

"Ubao gani?" nikamwuliza.

"Sijui, Mzee Margwe. Ndivyo alivyosema. Ubao."

Neno hilo lilitutesa kuliko kifo chenyewe. Kufa bila mwili, na bila mtu wa kusema mimi nilimwona, sisi Wairaqw hatukujui. Wengine mmeacha desturi tangu mlipobatizwa. Na mimi nimebatizwa. Lakini mama Paskali alisema yeye haachi. Nyumba iliyofiwa vile inajifungia: haiombi moto kwa jirani, haiazimi jembe, ng'ombe wake wanakunywa wa mwisho, na mama wa marehemu hatoki nje ya boma mpaka mtu wake azikwe. Sasa sisi tungezika nini? Wazee waliniambia usoni: "Hatujui amekufaje. Amejitupa? Amelewa? Ameitwa na pepo wa maji? Kifo kisichojulikana hakina mwisho, Margwe." Mke wangu akakaa ndani. Alikonda kama ndama aliyekataliwa na mama yake, na mvua za kupandia zilikuwa zinakaribia.

Siku moja akatoa ngozi kutoka darini. Ngozi ya dume jekundu, mtoto wa kwanza wa ng'ombe ambaye Paskali alipewa alipokuwa mdogo. Zamani wazee wetu walizikwa ndani ya ngozi, hilo nalo mnalijua.

"Mlete humu," akasema. "Maneno usiniletee. Maneno ninayo mengi."

Kushuka Mto wa Mbu

Niliondoka na lori la ngano. Dereva alikuwa Mchagga mmoja mwenye mdomo, na juu ya magunia tulikuwa wawili: mimi na Mmasai mmoja mzee wa upande wa Endulen, anakwenda Arusha kumtazama binti yake aliyelazwa.

Lori likafa pale juu ya mteremko, pale ambapo ziwa Manyara lote linaonekana chini. Dereva akaingia chini ya gari, akatoka, akaingia tena. Sisi tukakaa kivulini mwa gari, jua linahama na sisi tunahama.

Yule Mmasai akainusa ngozi yangu. "Nyinyi Wambulu," akasema, "mkiiba ng'ombe wetu mnakula nyama, halafu ngozi mnatembea nayo?"

"Huyu alizaliwa kwangu," nikamjibu. "Wa kwenu tuliwala zamani, hata mifupa haipo."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Babu zake na babu zangu waliuana kwa ajili ya ng'ombe hao hao, leo tunacheka. Akauliza ninakwenda nayo wapi. Nikamwambia. Kicheko kikakatika kama kamba. Hakusema pole. Alitazama ziwa, na lori lilipopona alipanda wa kwanza, akakaa upande wa nyuma kwenye vumbi, akaniachia mahali pazuri nyuma ya kichwa cha gari. Tulipoachana Arusha akanishika mkono akasema, "Maji yakikuita usiitike haraka." Nilidhani ni mambo ya kizee tu.

Basi la Dar

Utingo wa basi alitaka ngozi iende juu, kwenye keria. Nikakataa. Akasema basi si zizi. Nikamwambia nimelipa kiti, na kwenye kiti changu nitakaa na ninachotaka. Nikaipakata.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Korogwe, mnene, mwenye khanga mbili. Tangu Moshi analalamika: "Jamani, huyu Mmasai kabeba ng'ombe mzima? Dirisha fungueni, tutakufa humu!"

"Mimi si Mmasai," nikasema. Kwa ajili ya blanketi langu, njia nzima niliitwa Mmasai. Nilichoka kukanusha.

"Haya, wewe si Mmasai. Na hiyo ngozi si ngozi?"

"Hii ni nguo ya mwanangu. Ninakwenda kumvika."

Akanitazama. Watu wa kiti cha mbele wakageuka. Baadaye kidogo akamenya chungwa, akaweka nusu kwenye goti langu. Kuanzia hapo kila alichokula alikigawa, na dirisha likifunguliwa alilifunga mwenyewe, asije mzee akapigwa na upepo.

Korogwe hakukuwa na dizeli. Tulikaa hapo mpaka watu wakaanza kujuana majina ya watoto. Mama yule alishuka, alikuwa amefika kwake, lakini alirudi na sufuria ya makande akatupakulia mimi na utingo yule yule aliyenitukana. Ndipo basi likapata mafuta, tukaondoka.

Kabla ya kufika Dar kuna kizuizi. Mnajua miaka hii ilivyo, kila mzigo unapekuliwa kutafuta walanguzi, sabuni mbili ni kesi. Mgambo mmoja akapanda.

"Mzee, ngozi hiyo ya biashara? Kibali kiko wapi?"

"Si ya biashara."

"Fungua."

Nikaikunjua. Akaipapasa, akatazama huku na huku. "Ndani hamna kitu?"

"Bado," nikasema.

Pantoni

Bahari niliiona mara ya kwanza pale pa kuvukia kwenda Kigamboni. Sikustuka. Niliona maji yanayopita kati ya nchi mbili, nikasema moyoni, huu ni mto mpana. Nikainama nikayaonja. Chumvi kali, kushinda magadi ya Eyasi. Hapo nikajua kwamba nimefika kwa aliyemchukua mwanangu, na kwamba hanijui.

Pantoni ni chuma kinachoelea, kimebeba magari na watu pamoja. Nilishika bomba la pembeni kwa mikono miwili. Kijana mmoja akanicheka: "Mzee wa bara, achia, halitakimbia!" Nikamwambia, "Ukija kwetu nikuonyeshe simba, tuone utashika nini." Wenzake wakamzomea yeye.

Ng'ambo nilipata trekta la kubeba nazi, halafu mchanga kwa miguu. Mchanga wa huko ni mwepesi, unatembea hatua moja unarudi nusu.

Siku maji yalipoondoka

Pale hotelini mtu wa mlangoni aliniambia kwa ufupi tu kwamba Paskali alikuwa kijana mzuri na hawana zaidi la kusema. Akanielekeza kwa Mzee Shomari, mkwezi wa minazi, maana Paskali alipanga chumba kwake.

Mzee Shomari ni mtu mwembamba, miguu yake ina magamba kwa ajili ya kukwea. Nilipotaja jina langu aliweka chini upanga wake wa kukatia madafu, akaniamkia kwa mikono miwili ingawa tunalingana. Mkewe, Bi Mwanaidi, akatoka jikoni, akakaa chini pale pale mlangoni akalia. Nilishangaa. Mimi nilikuwa sijalia bado, na huyu mtu baki analia.

Wakaniletea chakula. Wali, na juu yake samaki mzima, macho yake yananitazama.

Nikasogeza sahani. Nyinyi mnajua, sisi samaki hatuli. Lakini haikuwa hilo tu. Nikamwambia Bi Mwanaidi, "Mama, mimi sijui samaki huyu amekula nini."

Nilisema kwa ukali.  Aliichukua sahani, akaenda nayo jikoni.

Jioni Shomari alikwenda msikitini. Nikatoka nje, nikaitazama ile bahari iliyokuwa imejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi nilipofika. Haikuwepo. Mchanga mtupu, majani yamelala, mashua zimekaa upande. Maji yalikuwa mbali.

Sasa sikilizeni nilivyofikiri, maana hata nyinyi mngefikiri hivyo hivyo. Mimi nimechota chumvi Eyasi. Ziwa lile kiangazi linaondoka, unatembea juu ya tumbo lake kavu, unakuta mifupa ya pundamilia na ya ng'ombe waliozama masika. Halirudi mpaka mvua zije. Nikasema, basi nimefika kwa wakati. Maji yameondoka, kazi yangu ni kuokota mtoto wangu. Nikajitwika ngozi, nikaingia.

Nilitembea sana. Nilitazama chini tu. Kila kitu cheupe nilikiinua: kome, kipande cha jiwe, mfupa wa samaki. Nyuma yangu nikasikia wanawake wanapiga kelele ufukweni, wanapunga khanga. Nikasema, haya, wananicheka mzee wa bara. Sikugeuka. Mimi kelele za wanawake mashineni nimezizoea.

Nilipogeuka jua lilikuwa chini, na kati yangu na minazi palikuwa na maji.

Hayakuja kutoka mbele, mahali nilipoyategemea. Yalikuwa yamezunguka. Mle karibu na ufuo kuna bonde, nililivuka kwa miguu mikavu bila kuliona, na maji yakirudi yanajaza bonde kwanza, wewe unabaki juu ya mchanga kama mtu aliyekaa juu ya kichuguu. Niliingia. Yakafika kifuani. Miguu ikapoteza chini. Nilikumbuka maneno ya yule Mmasai wa Endulen, na nilikumbuka kwamba sasa mama Paskali atakuwa na wawili wa kuzika bila mwili.

Mtu akanishika blanketi shingoni. Bi Mwanaidi. Maji yalimfika kidevuni, yeye ni mfupi kuliko mimi. "Usinishike, baba," akasema, "mimi ndiye nikushike. Tembea upande, tembea upande." Tukatembea upande mpaka mchanga ukapanda. Ngozi sikuiachia.

Ufukweni hakuna aliyecheka. Bi Mwanaidi akakamua khanga yake, akasema, "Tulikuita, baba. Tulikuita kama tulivyomwita yeye."

Maji mafu

Ndipo nikajua kwamba yuko aliyemwona.

Lakini hakuniambia siku ile. Shomari alisema, "Kwanza uijue bahari, mzee mwenzangu, ndipo utakachoambiwa ukielewe. Hukuja kuchukua maneno ya kukariri." Nilitaka kukasirika. Halafu nikaona ni kweli. Wazee wa nyumbani wangeniuliza, na mimi ningejibu nini?

Akanifundisha, na mimi ni mwepesi nikitaka. Bahari inakuja na kuondoka kila siku, mara mbili. Kuja ni kujaa, kuondoka ni kupwa. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, inajaa sana na kupwa sana, hilo ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, inajaa kidogo na kupwa kidogo, hayo ni maji mafu. Nilifika kwenye maji mafu. Kule mbali unakoona povu jeupe kuna mwamba, na mahali alipopotelea Paskali hapatokezi mpaka bamvua.

"Nisubiri mwezi ujae?"

"Usubiri. Bahari haina haraka na mtu."

Nikasubiri. Kila siku nilikaa chini ya mnazi anaoukwea yeye, na yeye akiwa juu alinisimulia bahari kama mtu anayeona uwanja wote. Kutoka juu aliuona mwamba chini ya maji. Na Paskali alikuwa akisimama pale pale nilipokaa mimi, akimpigia kelele: "Mzee Shomari, maji yamefikaje?" Shomari akijibu "bado," anakaa. Akijibu "sasa," anachukua ubao wake.

Ubao wenyewe niliuona. Paskali aliachiwa na Mzungu mmoja fundi wa mitambo aliyerudi kwao. Mrefu kuliko mimi, mwepesi kama boga kavu, umevunjika katikati. Mtu anaulalia, anapiga maji kwa mikono mpaka kule kwenye mwamba, anangoja wimbi, linamsukuma, anasimama juu yake. Anasimama! Nilisema ni uongo. Shomari akaapa. "Nilikuwa nasahau kukata nazi," akasema. "Ulikuwa ukimwona unasema huyu hana mifupa."

Nikamwuliza ni kwa nini asubiri kuambiwa "sasa." Wimbi si wimbi tu?

"Si wimbi tu. Maji yakijaa kabisa, wimbi linapita juu ya mwamba kama hakuna kitu. Linamnyanyua, linamshusha, basi. Maji yakipwa kabisa, linajikwaa kwenye jiwe, linasimama wima, linaanguka lote mahali pamoja, na chini yake ni jiwe lenye meno. Lakini maji yakiwa yanajaa, na mwamba umefunikwa kiasi cha kiuno, hapo wimbi linainuka pole pole na kuanguka kuanzia upande mmoja kwenda wa pili, kama mtu anayekunja mkeka. Paskali alikimbia mbele ya ule mkunjo."

Nikaelewa. Ni kama ng'ombe wanaorudi mbio na kukuta ua. Ua ukiwa chini sana hawauoni, wanapita. Ukiwa juu sana wanaangukiana. Ukiwa wa kiasi wanaruka mmoja mmoja kwa mpangilio, na mchungaji hodari anaweza kukimbia pembeni mwao. Nilipomwambia Shomari hivyo akaacha kukata kule juu, akasema, "Mtoto naye alisema maneno hayo hayo. Ng'ombe na ua."



Kitu kingine. Tangu siku ya kwanza, Bi Mwanaidi hakupika samaki tena. Alipika muhogo wa nazi, maharage ya nazi, mchicha wa nazi. Nilikula, nikashiba, sikuuliza. Siku nyingi zilipita ndipo nikatambua kwamba hata wao hawali samaki, na samaki ndicho chakula chao. Majirani walileta pweza, nikamsikia akiwaambia kwa sauti ya chini, "Kwangu kuna matanga, mrudisheni." Mtu huyu nilimsukumia sahani.

Bamvua

Mwezi ukapevuka. Asubuhi ile, jua likiwa limepanda vizuri, maji yalikimbia. Siyo kama nilivyoona siku ya kwanza. Yalikimbia kweli, mpaka lile povu likawa ukuta mweusi wa mawe umesimama nje. Wanawake wa kijiji wakatoka na mikuki yao midogo ya kuchokolea pweza mashimoni. Bi Mwanaidi akanivalisha viatu vya tairi vya mumewe, akasema, "Sasa, baba. Twende nikuonyeshe."

Akanionyesha akiwa anatembea.

Paskali alizoea maji ya kujaa. Lakini siku ile hoteli ilikuwa na wageni wa mchana, asubuhi ndiyo nafasi yake, na asubuhi ile maji yalikuwa yanapwa, ya bamvua. Wakati anaingia mwamba ulikuwa umefunikwa kiasi cha kiuno, mawimbi mazuri, kama yale yale. Lakini maji yanayopwa si ndugu wa maji yanayojaa. Ya kujaa yakikuangusha yanakusukuma nyumbani. Ya kupwa yanakuvuta mlangoni, pale mwamba ulipokatika na bahari yote ya ndani inatokea hapo. Na ya bamvua hayangoji, kiuno kinakuwa goti ukiwa unatazama.

"Sisi tulikuwa tunayafuata maji kwa nyuma, kama leo," akasema. "Tulimkaribia. Nikamwita: Paskali, toka, maji yanakimbia! Akanisikia. Alicheka. Akaninyooshea kidole, hivi."

Akanyoosha kidole kimoja.

Nilikijua kidole kile. Nyinyi nyote mnakijua. Jioni, mmechoka, mnataka nizime mashine, na mimi ninawanyooshea: gunia moja bado.

"Wimbi lililofuata lilikuwa kubwa," akasema Bi Mwanaidi. "Lilisimama juu ya jiwe. Ubao ukaruka peke yake. Tulikimbia, Mungu anajua, tulikimbia juu ya mawe mpaka miguu ikatoka damu. Alishapelekwa mlangoni. Wanaume walitafuta kwa mashua mpaka siku zilizofuata. Ubao ulirudi maji yalipojaa. Yeye hapana."

Hakulewa. Hakujitupa. Hakuitwa na pepo. Alikuwa anacheka.

Tukafika. Ni bapa la jiwe, pana kama uwanja wa kupuria ngano, lina mashimo yenye maji na vidudu vya rangi. Nje kidogo wimbi lilikuwa linainuka na kuanguka pale pale, kwa uzito, kama gunia linavyotupwa kutoka kwenye lori. Jiwe lilitikisika miguuni mwangu. Wale wanawake waliacha kazi. Walisimama, mikuki imeelekea juu.

Nikamwita. Nilimwita kwa Kiiraqw, kwa sauti ile ninayomwitia akiwa na ng'ombe ng'ambo ya korongo na giza linaingia. Mara moja tu. Sauti haikwenda mbali, bahari iliila.

Nikatandika ngozi. Nikatafuta jiwe la kuinulika. Bi Mwanaidi akainama pamoja nami: "Chukua tumbawe lililokufa, baba. Hili bichi liache, lina uhai." Nikapata moja, jeupe, limejaa matundu, uzito wa mtoto mchanga. Lilikuwa pale pale alipoangukia. Nikalifunga ndani ya ngozi.

Nikasimama tena kutazama. Sijui nilisimama kiasi gani.

"Baba," akasema Bi Mwanaidi nyuma yangu. "Maji yamegeuka."

Nilitaka kubaki kidogo. Sikunyoosha kidole. Niligeuka nikamfuata.

Siku ile nilimwambia apike samaki. Akasema hapana. Nikamwambia, "Mama, matanga yamekwisha, mimi ndiye mwenye msiba ninasema. Pika, watu wako wale." Akapika. Mimi nilikula wali mtupu, lakini nilikaa nao kwenye mkeka mmoja mpaka sahani zikaondolewa. Ubao niliwaachia. Shomari aliniuliza kama sitauchukua, nikasema ubao haukuwa mwanangu. Pale mlangoni kwake, kwenye mnazi wake, ukae.

Kurudi

Njia ya kurudi haina mengi. Ile ngozi ilikuwa imelowa baharini siku ile ya kwanza, na jua la pwani liliikausha mpaka ikawa nyeupe kwa chumvi, ngumu kama bati. Kwenye kizuizi alikuwa mgambo yule yule.

"Mzee wa ngozi! Leo ndani kuna kitu?"

"Kuna."

Akafungua. Akaliona jiwe. Akanitazama, nikamtazama. Akaifunga mwenyewe, akakaza kamba kuliko nilivyokaza mimi, akashuka bila kumpekua mtu mwingine yeyote.

Nilifika nyumbani ng'ombe wanaingia. Mama Paskali alikuwa ndani, nikakiona kivuli chake mlangoni. Hakutoka. Sikuwa na haki ya kumwita atoke. Nikaiweka ngozi chini, katikati ya boma, nikakaa kwenye gogo.

Ng'ombe wa Paskali, yule mama wa lile dume jekundu, ni mzee sasa, mbavu zinahesabika. Aliacha wenzake. Akaja polepole, akanusa ngozi, akaanza kuilamba. Kwetu chumvi tunawanunulia, mnajua jinsi wanavyoipenda. Alilamba, akalamba, ulimi unakwaruza, na wengine wakaja nyuma yake.

Mke wangu akatoka na fimbo. Alitoka mbio, amekasirika, awafukuze wasiinajisi. Alipofika akasimama. Fimbo ikashuka. Alimtazama yule ng'ombe. Halafu akainama, akapitisha kidole kwenye ngozi, akakiweka mdomoni.

"Chumvi," akasema.

"Ndiyo."

"Yuko humu?"

"Kilichobaki. Na aliyemwona ninaye, jina lake ni Mwanaidi. Alimwita."

"Alimjibu?"

"Alicheka, akanyoosha kidole kimoja."

Hapo ndipo alipokaa chini. Nami nikakaa. Ng'ombe hatukuwafukuza. Nililia hapo, mbele yake, na yeyote kati yenu atakayelitia hili maneno ya mzaha aje anione.

Wazee walinisikiliza kesho yake tangu asubuhi. Waliuliza habari za maji, nikawajibu yote, kujaa na kupwa, mpaka wakaacha kuuliza. Tukamzika siku hiyo nyuma ya nyumba, jiwe ndani ya ngozi, ngozi ndani ya udongo mwekundu. Mlikuwepo.

Ambalo hamkuliona ni hili. Siku iliyofuata mke wangu alichukua kibuyu akashuka kisimani, mara ya kwanza tangu mavuno. Yule ng'ombe mzee akamfuata. Wanawake walikuwa wengi, mifugo yao imezunguka birika. Mke wangu akasimama nyuma ya wote, mahali tulipozoea. Mama Qambalo, jirani yetu, akageuka akamwona. Akawapiga ng'ombe wake mwenyewe fimbo za pua, wakarudi nyuma, birika likabaki wazi.

"Huyo wa Paskali," akasema, "anywe kwanza."